Myst au The Witness: kisiwa kipi uanze nacho?

Nyumbani kwetu Kibokoni, Mombasa, kuna kalenda ya ukutani ambayo mgongoni mwake mpwa wangu ameandika majina ya miji. Lamu, Voi, Kilifi, Vanga, Malindi, kisha Lamu tena. Hayo ni madeni yangu. Tulipatana mapema kwamba mtu akishindwa na fumbo la gemu akaenda YouTube kutazama jibu, sharti atoe mji, vile vile kama katika vitendawili vya bibi: umeshindwa, nipe mji, nikiupokea ndipo nikutegulie. Yeye ametoa mitatu. Yangu umeshaiona, na hiyo ni sehemu tu.

Basi nikiulizwa pale kwa muuza kahawa ni gemu gani ya kisiwa mtu anunue, huwa sijibu kwa kuhesabu nyota. Nauliza kwanza: wewe ukikwama, unakwama vipi? Maana gemu hizi kwa nje zinafanana. Unatua kisiwani peke yako, hakuna mtu, hakuna adui wa kupigwa risasi, kuna mashine zisizojieleza na milango iliyofungwa. Mwisho wa kufanana ni hapo. Tumecheza nne, mimi na mpwa wangu, tukigawana kiti kimoja: Myst, Riven, The Witness na Call of the Sea. Ushindani wa kweli uko kati ya Myst na The Witness. Zile mbili nyingine nitazipitia baadaye, moja kwa heshima na moja kwa haraka.

Ukitua Myst

Myst ni ya 1993. Waliotengeneza ni ndugu wawili wa Marekani, Rand Miller na Robyn Miller, na kampuni yao Cyan. Ya kwanza haikuwa na mwendo wa kutembea kama gemu za leo. Ilikuwa ni picha tupu, kama 2,500 hivi, unabofya moja inakuja nyingine. Pamoja na ubutu huo iliuza nakala zaidi ya milioni 6, na ikashika nafasi ya gemu ya kompyuta iliyouzwa zaidi hadi The Sims ilipoipita mwaka 2002.

Unaanzia gatini. Kando yako kuna meli iliyozama, mlingoti tu ndio unaochungulia. Ukipanda njia utakuta karatasi imeanguka nyasini, mume amemwandikia mkewe. Ukifika maktaba, vitabu vingi vimeungua, lakini viwili vizima vimekaa huku na huku, kimoja chekundu, kimoja cha buluu, na ndani ya kila kimoja kuna mwanamume amefungwa akikuomba umletee kurasa zilizopotea. Ni ndugu hao, Sirrus na Achenar. Kila mmoja anakwambia mwenzake ni mwovu, usimsikilize. Mpwa wangu aliwatazama kidogo kisha akasema, "Mjomba, hawa wanagombania nyumba ya urithi." Sikuwa na la kuongeza. Mtu wa Mji wa Kale haelezwi zaidi ya hapo.

Ili upate kurasa unaingia dunia nyingine nne kupitia vitabu, kila moja na mashine zake. Na hapa ndipo ninapoipenda Myst: mafumbo yake mengi ni vitu vya kweli. Ni mabomba, umeme, mvuke, maji. Nitakutolea moja, na kama hutaki kuharibiwa ruka aya hii na inayofuata. Katika dunia ya meli iliyokwama mwambani kuna mnara wa taa ambao chini yake umejaa maji. Kuna pampu ya kuyatoa. Ukiyatoa na kushuka, unakuta sanduku limefungwa kwa kufuli. Ufunguo upo juu, lakini umetiwa mnyororo sakafuni, haubebeki. Sanduku nalo halibebeki. Nilishuka nikapanda, nikashuka nikapanda, kama nusu saa. Nilikuwa tayari kutoa mji.

Mpwa alikuwa anatazama dirishani. Chini, mwenye mkokoteni wa maji alikuwa amesimama akipanga mitungi yake ya lita 20, mmoja mtupu ukaanguka ukabingirika. Akageuka: "Ukitupwa baharini ule mtupu unafanyaje?" Unaelea. Tukashuka tena tukatazama sanduku kwa ubavu. Lina bomba dogo la kutolea maji. Tulifungua, maji yakamwagika yote, tukafunga bomba, na hapo ni muhimu, maana usipofunga litajaa tena. Kisha tukarudisha maji mnarani. Sanduku lilipanda lenyewe taratibu mpaka likafika pale ufunguo ulipo. Mtoto yeyote aliyeona wavuvi wakifunga dumu kwenye nyavu kuwa boya amelijua jibu hilo tangu kuzaliwa, ila hajui kwamba analijua. Mimi sikumbuki gemu nyingine iliyonifurahisha namna ile.

Ubaya wake nao usifichwe. Huwezi kubeba zaidi ya ukurasa mmoja kwa wakati, kwa hiyo ukitaka kuwaridhisha ndugu wote wawili kila dunia unaiendea mara mbili. Mara ya pili hakuna fumbo tena, ni miguu tu. Pia kuna dunia moja ya sauti, ambapo unaelekeza masahani kusikiliza maji, moto, saa, upepo, na baadaye unaongoza chombo chini ya ardhi katika njia zenye kukatana, kila njia panda unapigiwa mlio na mlio huo ndio dira yako. Maana ya milio hiyo umefundishwa katika dunia nyingine kabisa, kama ulikuwa unasikiliza. Sisi hatukuwa tunasikiliza. Nje tuktuk zinapiga honi, jirani anakaanga viazi karai redio iko juu, na mimi sikio langu la muziki ni la mwambao wa mbali. Hapo ndipo Voi ilipokwenda. Tena bila majuto.

Ukitua The Witness

Hii ni ya Januari 2016, kazi ya Jonathan Blow na wenzake. Kisiwa kizuri kupita kiasi: miti ya waridi, ya manjano, magofu, kinamasi, jangwa, vyote vimebanana mahali pamoja. Hakuna muziki. Utasikia nyayo zako na upepo.

Mafumbo ni zaidi ya 500 na yote, nasema yote, ni kitu kimoja: ubao wenye vijia, unaanzia kwenye duara unachora mstari mpaka ncha ya kutokea. Kwa maelezo hayo inachosha hata kabla ya kuanza. Subiri. Ubao wa kwanza ni mstari ulionyooka. Wa pili una kona. Baadaye unakuta vijiraba vyeupe na vyeusi ndani ya ubao, hakuna maneno, hakuna sauti ya kukuelekeza. Unachora, unakosea, ubao unazima. Unachora tena. Kufikia ubao wa nne au wa tano umejua sheria yake, na hakuna aliyekwambia.

Mamangu hajui Kiingereza zaidi ya kile cha kupigania bei Marikiti. Yeye ni mshona kofia za mkono, kazi ya kuhesabu vitobo macho yakiwa karibu na kitambaa. Siku moja alimkuta mpwa amekwama kwenye vijiraba hivyo kwa aipedi ya dada yangu, maana The Witness ipo hata kwenye aipedi tangu 2017. Akatazama kwa muda. Akasema, "Hizi nyeupe hazitaki kukaa chumba kimoja na nyeusi. Kata ukuta katikati." Akaweka kidole, akapitisha mstari kama anayekata kitambaa, ubao ukawaka. Kisha akataka ubao mwingine. Alikaa hapo mpaka adhana ya alasiri, na mahamri yakapoa.

Hilo ndilo jambo kubwa ninalotaka ulipime. Hakuna kati ya gemu hizi nne iliyotafsiriwa Kiswahili. Myst ina madaftari ya kusoma, kurasa kwa kurasa za mwandiko wa mkono kwa Kiingereza, na vidokezo vimelala humo humo kati ya habari za miti na watu. Asiyesoma Kiingereza vizuri atafunga mlango wa Myst akiwa bado gatini. The Witness ina kanda za sauti zilizotupwa huku na huku, wasomi na wanafalsafa wakisomewa maneno yao, lakini ukizipita zote hukosi jibu hata moja. Mafumbo yenyewe hayana lugha.

Na si kila ubao unamalizika ndani ya ubao. Shambani mwa miti ya tufaha, ubao umesimama mbele ya mti, vijia vyake vimechanua kama matawi. Utachora mpaka vidole vichoke ukidhani jibu limo ndani. Inua macho. Mti wenyewe una tunda moja tu, kwenye tawi moja. Kwingineko jibu linaonekana ukisimama mahali ambapo jua linamulika ubao kwa pembeni. Baada ya wiki mbili mpwa wangu alianza kutazama vivuli vya kuta za Fort Jesus kama vile vinamdai kitu. Kuna siri nyingine ya kutazama, kubwa kuliko zote, ambayo sitaitaja hata ukinipa Mombasa nzima.

Lakini ni kisiwa baridi. Mpwa aliniuliza siku ya tatu, "Mjomba, mwenyewe yuko wapi?" Hakuna mwenyewe. Kuna sanamu za mawe za watu walioganda. Hakuna ndugu wa kugombana, hakuna mke anayetafutwa. Ukimaliza eneo moja, boriti ya mwanga inaelekea mlimani, basi. Mtu aliyezoea hadithi ataona anasomeshwa hesabu kwenye bustani ya kifahari. Na ingawa nimesema haina lugha, ina masharti yake ya mwili: msituni kuna mbao zinazojibiwa kwa kusikia ndege, sauti nyembamba na nene, na kuna mbao za rangi ambazo mtu asiyetofautisha rangi vizuri hatazifungua. Dada yangu alipata kizunguzungu kwa kutembea tu mle ndani, akaacha. Ukiwa na kichwa cha namna hiyo, Myst ya zamani, ile ya picha zilizotulia, itakufaa zaidi.

Kukwama kwenyewe

Turudi kwenye kalenda. Ukikwama Myst hujui umekosa nini. Yaweza kuwa kitufe kimoja nyuma ya mlango uliouacha wazi. Naam, yaweza kuwa mlango huo ulitakiwa kufungwa. Unazunguka kisiwa chote ukibofya kila kitu, na hasira yake ni hasira ya mtu aliyepoteza ufunguo nyumbani kwake mwenyewe. Ukikwama The Witness unajua hasa ni wapi: ubao huu, mbele yako. Ukichoka unauacha unaenda upande wa pili wa kisiwa, kuna mbao nyingine mia. Halafu siku nyingine unajifunza sheria fulani kule, na yule ubao wa zamani unakujia kichwani ukiwa kwenye feri ya Likoni umebanwa kati ya pikipiki na mbuzi.

Ila bei ya mji si sawa. Katika Myst, ukichungulia namba ya kufungulia kitu, umepoteza namba hiyo tu, kisiwa kinaendelea. Nilitoa Lamu, nikaendelea kula raha. Katika The Witness sheria yenyewe ndiyo gemu. Ukiambiwa alama fulani inamaanisha nini, mbao zote za alama hiyo zimekufa, utabaki kuzijaza kama fomu. Mimi nilifanya hivyo kwenye zile alama za kinamasi zenye umbo la matofali yaliyopangwa. Mpwa hakunisemesha jioni nzima, na Malindi yangu aliiandika kwa herufi kubwa.

Kwa hiyo, kama unajijua huna subira na simu iko mkononi muda wote, kwangu mimi Myst ni salama zaidi. Utachungulia, utasamehewa.

Mashine, stima na bando

Hapa hakuna mahaba. Myst zipo kadhaa, na watu hununua isiyofaa. Toleo la zamani la picha linakubali karibu kompyuta yoyote, hata ile laptopu ya mkono wa pili yenye vitufe viwili vilivyong'oka. Toleo jipya lililotengenezwa upya, la 2021 kwa kompyuta, unatembea kwa uhuru na linapendeza, lakini linataka kadi ya picha yenye nguvu. Mimi nililiweka kwenye laptopu isiyo na kadi hiyo mwezi wa Machi, joto la Mombasa unalijua. Feni ya ndani ililia kama bodaboda inayopanda daraja la Nyali, na picha zikawa zinakuja kwa foleni. Uzuri wa toleo hilo jipya ni kwamba unaweza kuliambia lichanganye majibu, hivyo aliyemaliza zamani, au aliyeona majibu YouTube, anacheza upya.

The Witness kwa kompyuta nayo inataka mashine ya kadiri. Kwa PlayStation 4 au Xbox One haina shida, na kwa aipedi ndiyo tamu zaidi kwa maoni yangu, maana kuchora kwa kidole ndiyo asili ya jambo lenyewe.

Stima: The Witness inajihifadhi yenyewe. Myst ya zamani unahifadhi mwenyewe, na ukisahau, shauri yako. Betri ya laptopu yetu ilishakufa siku nyingi, inaishi kwa waya tu. Stima ilipotea magharibi moja tukiwa tumemaliza nusu ya dunia ya sauti, ile ile. Tulikaa gizani tukisikia jenereta za wenzetu.

Zote hizi, mkishazipakua, hazihitaji bando kucheza. Pakua mahali penye waifai ya mtu mwingine, na usubiri punguzo. Gemu za umri huu hupunguzwa bei mara nyingi kwa mwaka.

Zile mbili nyingine

Call of the Sea ilitoka Desemba 2020, ya watengenezaji wa Uhispania. Mwaka ni 1934, mwanamke anaitwa Norah, anamfuata mumewe aliyepotea katika kisiwa cha bahari ya kusini ya Pasifiki. Inapendeza, inasimulia, na Norah anakuandikia vidokezo vyote katika daftari lake kwa hiyo wewe huandiki kitu. Imegawanywa kwa sura, kila sura na eneo lake dogo, hivyo hata ukikwama huendi mbali. Wikendi moja inatosha kuimaliza. Ni ya mtu anayetaka hadithi na mafumbo kidogo ya kuitia chumvi. Kiingereza kingi, maneno ya mdomo. Mimi niliifurahia na siirudii.

Riven ni habari nyingine. Ni ndugu mdogo wa Myst, 1997, na ilipotoka ilikuja kwa sidii tano, ukitoka kisiwa kimoja kwenda kingine unabadilisha sahani. Visiwa vyenyewe ni vitano, na hakuna fumbo lililowekwa hapo ili liwe fumbo. Kuna watu wanaishi, wana imani yao, wana mtawala anayewaogofya, na wana hesabu zao ambazo hazifuati makumi kama zetu bali 25. Unajifunza kuhesabu wapi? Darasani mwao. Kuna kichezeo cha watoto, vijitu viwili vinaning'inia juu ya mdomo wa samaki mkubwa. Ukikizungusha inatokea alama, na kijitu kinashuka hatua kadhaa kuelekea meno. Hesabu hatua, ndiyo namba. Mpwa alizihesabu akicheka, kisha akanyamaza. "Hivi ndivyo watoto wao wanavyofunzwa?" Gemu imekufundisha namba na imekwambia mtawala ni mtu wa aina gani kwa kichezeo kimoja, bila sentensi.

Kuna Riven mpya ya 2024, unatembea kwa uhuru, na mafumbo kadhaa yamebadilishwa, kwa hiyo majibu ya zamani yasikutie tamaa. Inataka mashine nzuri. Lakini usianze na Riven, ya zamani wala mpya. Hadithi yake inaanzia pale Myst inapoishia, na ugumu wake ni wa mtu aliyekwisha zoea kuandika kila anachokiona.

Nani achukue ipi

Mkiwa wawili mbele ya skrini moja, mmoja ameshika kipanya na mwingine daftari, chukueni Myst. Imeumbwa kwa mabishano. Laptopu ikiwa mbovu, chukueni ile ya picha na msione haya. Mtoto au mzee asiyesoma Kiingereza, The Witness, tena kwa kidole. Mtu anayecheza peke yake dakika 20 baada ya isha kabla ya kulala, The Witness pia, maana ubao mmoja unamalizika na mwingine unangoja. Anayetaka kulia kidogo mwishoni, Call of the Sea. Riven ni ya baadaye.

Daftari liwe la miraba, lile la hesabu la shule, si la mistari. Utachora ramani, na The Witness ina mbao ambazo kichwani hazikai, karatasini zinakaa. Kalamu mbili za rangi tofauti, yako na ya mwenzako, ili mjue nani aliyesema nini mtakapobishana. Sisi Riven tumeianza juzi, tena ile ya sidii tano, iliyopakuliwa. Ukurasa wa kwanza una alama za kile kichezeo, hatua zimehesabiwa mpaka kumi kwa mwandiko wa mpwa, na chini yake kwa kalamu yangu nyekundu kuna swali ambalo bado hatujalijibu: mle kisiwani kuna vitu vya mviringo kama macho, ukivigusa vinazunguka, na kila kimoja kinatoa sauti. Safari hii nimefunga madirisha.